Mnunuzi na Mwuzaji: Nani Amhukumu Mwenziwe?



Siku hizi wengi wetu, na zaidi vijana wetu, hununua na kuuza kwa simu. Mtu hukaa barazani kwake Wete au Mkoani, akatazama picha ya bidhaa iliyoko mji mwingine, akataja bei yake, na mwenye bidhaa akakubali, bila ya mmoja kumwona mwenziwe uso. Na huko bara mazao ya wakulima wenzetu, kama korosho, ufuta, mbaazi, dengu na choroko, sasa hunadiwa kwa njia hiyo hiyo ya mtandao. Wanachama kadhaa wametuuliza: Je, mnada wa namna hii una haki? Mnunuzi aliye mbali akivunja ahadi, nani atamjua? Na mwuzaji akitia mawe ndani ya gunia, nani atatangaza?

Twaona maswali haya yana maana kubwa kwa kila anayelima kitu cha kuuza. Kwa hivyo tumeona yafaa tueleze jambo hili taratibu, tuanze na mnada tunaoujua, kisha twende bara mpaka Tabora, tutazame na nchi za ng'ambo, halafu turudi kwenye karafuu yetu.

MNADA WA MACHO NA MNADA WA MBALI

Kila aliyepata kusimama penye mnada wa samaki anajua jinsi mambo yanavyokwenda. Samaki wamewekwa chini, kila mtu anawaona. Dalali anapaza sauti, watu wanapandishana bei, wa mwisho anachukua. Mnada huo hauna karatasi nyingi wala mwanasheria, na hata hivyo kwa kawaida mambo huenda salama. Kwa nini?

Ni kwa sababu ya mambo matatu. La kwanza, bidhaa iko mbele ya macho. Samaki akiwa amelegea, jicho limeingia ndani, hakuna maneno ya dalali yatakayomfanya awe mbichi. La pili, fedha iko karibu. Mnunuzi hulipa hapo hapo, au hulipa jioni kwa mtu anayejua nyumba yake. La tatu, ambalo ndilo kubwa, watu wanajuana. Mtu aliyeshinda mnada jana akakataa kulipa, leo akitaja bei dalali hujifanya hakumsikia. Na mvuvi aliyeficha samaki wabovu chini ya wazuri, kesho hutazamwa tenga lake mpaka chini kabla hajapewa bei.

Katika mnada wa mbali mambo yote matatu hayapo. Bidhaa ni picha au maneno. Fedha ni ahadi. Na mtu ni jina tu, ambalo pengine si lake. Basi ili mnada huo usimame, lazima kipatikane kitu cha kushika mahali pa macho na kujuana. Kitu hicho ni sifa iliyowekwa wazi: kila mtu anayefanya biashara awe na habari zake zinazojulikana, za wema na za ubaya, na kila anayetaka kufanya biashara naye aweze kuzisoma kwanza.

NJIA YA UNYANYEMBE

Tusidhani kwamba kununua na kuuza kwa mtu wa mbali kumeletwa na simu. Watu wa visiwa hivi walilifanya jambo hilo zaidi ya miaka 150 iliyopita, na bidhaa zao zilikwenda kwa miguu.

Matajiri wa Unguja walitoa nguo, shanga na waya kwa mkopo, zikabebwa mabegani na wapagazi kutoka pwani mpaka Unyanyembe, mahali panapoitwa leo Tabora. Burton na Speke walipofika huko Novemba 1857 walikuta wafanya biashara wa Kiarabu wamekwisha jenga na kukaa. Safari ya kwenda ilichukua miezi miwili au mitatu, na pengine zaidi, na wengine walipita Tabora wakaendelea mpaka Ujiji na ng'ambo ya ziwa. Tajiri aliyetoa mali yake Unguja aliweza kukaa miaka bila kuiona pembe hata moja. Hakuwa na simu wala benki ya kumwuliza.

Alikuwa na nini basi? Alikuwa na sifa za watu. Tippu Tip, ambaye jina lake hasa ni Hamed bin Muhammed el-Murjebi, na ambaye baba yake alikaa Tabora, alipata mali ya safari zake kwa mkopo kutoka kwa Taria Topan, tajiri wa Kihindi wa Unguja. Mkopo wa namna hiyo haukutolewa kwa mtu asiyejulikana. Kila msafara uliorudi pwani ulileta barua na maneno: fulani amelipa, fulani ameghilibu, fulani amekimbia na mali ya watu. Maneno hayo yalitembea polepole lakini yalifika, na mtu aliyeharibika jina Tabora hakupata kwa urahisi mali Unguja.

Na wapagazi wa Kinyamwezi nao walikuwa na hesabu yao. Mwenye msafara aliyejulikana kuwa mkali kupita kiasi, au mwenye kupunja chakula na ujira, alipata taabu kuwapata watu wa kubeba mizigo yake, hali mwenzake mwenye jina jema alipata. Kwa hivyo hata mtu asiyejua kusoma wala kuandika alikuwa na uwezo wa kumpima mkubwa wake, maadamu alikuwa na khiari ya kwenda au kukaa.

Lakini hapana budi tuseme na upande wa pili. Njia hiyo hiyo ilileta pwani watu waliotiwa utumwani, na wengi wao waliletwa kufanya kazi katika mashamba ya karafuu ya visiwa hivi. Hao hawakuulizwa kama bwana fulani ni mwema au mbaya. Mwaminifu alikuwa mwaminifu kwa mwenye kumdai tu. Somo tunalolipata ni hili: sifa huleta haki kwa wale wanaoruhusiwa kusema peke yao. Asiyepewa nafasi ya kusema, hata soko liwe na uaminifu namna gani, haki yake hupotea. Tulikumbuke jambo hili, maana tutalirudia.

NCHI YA PAMBA: HABARI YA CHOMA

Sasa tufike Choma, yaani Choma cha Nkola, katika Wilaya ya Igunga, Mkoa wa Tabora. Hiyo ni nchi ya pamba, na habari ya pamba ya magharibi ina mafunzo mengi kwetu.

Kwa miaka mingi mkulima wa pamba alifundishwa kuchambua pamba yake mafungu mawili: pamba safi na pamba fifi. Pamba safi ni nyeupe, kavu, haina majani wala uchafu. Pamba fifi ni ile iliyopata madoa au wadudu. Safi ilikuwa na bei yake, na fifi bei yake ndogo. Mkulima aliyekaa na watoto wake kuchambua aliona faida ya kazi yake siku ya mizani.

Mwaka 1994 biashara ya pamba ikafunguliwa kwa makampuni ya watu binafsi. Wanunuzi wakawa wengi, na hilo lilikuwa na wema wake, kwa kuwa mkulima hakungoja tena malipo kwa muda mrefu kama zamani. Lakini wanunuzi wakawa wanakimbilia kupata pamba nyingi kabla ya wenzao. Mwenye haraka hachagui. Wakaacha kutofautisha, wakanunua yote kwa bei moja. Mkulima akajiuliza: kwa nini nikae siku nzima kuchambua, hali jirani yangu aliyechanganya yote amepata bei ile ile? Akaacha kuchambua.

Halafu yakaja mabaya zaidi. Baadhi ya wanunuzi wakacheza na mizani, kilo zikapungua. Baadhi ya wakulima, walipoona wanaibiwa katika mizani, wakatia maji, mchanga au chumvi katika pamba ili kurudisha uzito waliopunjwa. Mnunuzi akiona hivyo akazidi kupunja mizani, ili afidie maji na mchanga. Kila mmoja akasema, "Mwenzangu ndiye aliyeanza." Mwisho wake pamba ya Tanzania ikapungua sifa katika masoko ya ng'ambo, na khasara ikawarudia wote, aliyepunja na aliyepunjwa, na hata yule mkulima mmoja mmoja aliyeendelea kupeleka pamba safi.

Mtaalamu mmoja wa uchumi wa Kimarekani, George Akerlof, alieleza jambo la namna hii mwaka 1970. Yeye alitoa mfano wa magari yaliyokwisha tumika. Alisema: mnunuzi asipoweza kutambua gari zima na gari bovu, atatoa bei ya katikati kwa yote. Mwenye gari zima ataona bei hiyo haimfai, ataliondoa sokoni. Yatabaki mabovu. Mnunuzi akijua hivyo atapunguza bei tena, na hata yale ya wastani yataondoka. Hivi soko lote laweza kufa, na kila mtu alikuja na nia ya kununua na kuuza. Kwa elimu hii Akerlof na wenziwe wawili walipewa tuzo ya Nobel mwaka 2001. Mkulima wa pamba alikuwa ameijua elimu hiyo kwa taabu yake mwenyewe.

Basi ugonjwa wa soko si ukosefu wa wanunuzi wala ukosefu wa bidhaa. Ugonjwa ni kwamba mwema na mbaya hawatambulikani, na malipo yao ni mamoja.

MAREKANI WALIJARIBU DAWA GANI?

Septemba 1995 mtu mmoja aitwaye Pierre Omidyar alianzisha mnada wa intaneti huko California, Marekani. Mnada huo baadaye ukaitwa eBay. Watu wasiojuana kabisa wakaanza kuuziana vitu kwa posta. Mara malalamiko yakawa mengi, na yote yakamwangukia mwenye mnada. Februari 1996 akaamua kwamba watu wenyewe wahukumiane hadharani. Kila biashara ikiisha, mnunuzi amwandikie mwuzaji, na mwuzaji amwandikie mnunuzi: sifa njema, au si njema si mbaya, au mbaya. Hesabu ya sifa hizo ikawekwa kando ya jina la kila mtu, ionekane na wote.

Dawa hiyo ilifanya kazi kuliko ilivyotazamiwa. Mtaalamu Paul Resnick na wenziwe walifanya jaribio, wakalichapisha mwaka 2006. Mwuzaji mmoja wa kadi za posta za zamani, mwenye jina la miaka mingi, aliuza kadi za namna moja mara kwa jina lake na mara kwa majina mapya yasiyojulikana. Wanunuzi walikuwa tayari kulitolea jina la zamani bei iliyozidi kwa asilimia 8.1. Kadi ni zile zile, mtu ni yule yule, lakini jina jema lilikuwa na thamani ya fedha. Wazee walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Hapa tunaongeza kwamba hata kizuri hutaka shahidi.

Lakini dawa hiyo ilikuwa na sumu yake, na wanachama yafaa waijue.

Kwanza, karibu watu wote walisifiana. Malalamiko yalikuwa machache sana, si kwa kuwa biashara zote zilikuwa njema, ila kwa kuwa watu waliogopa. Mnunuzi akimwandikia mwuzaji ubaya, mwuzaji naye humlipa kwa kumwandikia ubaya. Wauzaji wengine walingoja makusudi, wasiandike mpaka waone mnunuzi ameandika nini. Basi mnunuzi aliyedhulumiwa alinyamaza, au alisifu kwa woga.

Mwaka 2008 eBay wakakata shauri: mwuzaji asiweze tena kumwandikia mnunuzi ubaya. Hapo wanunuzi wakapata uhuru wa kusema kweli. Lakini wauzaji wakalia, wakasema sasa mnunuzi mwongo atatutisha: "Nipunguzie bei, au nakuharibia jina." Haki ya upande mmoja ikawa mzigo wa upande wa pili.

Njia nyingine ilijaribiwa na Airbnb, kampuni inayowakutanisha wenye nyumba na wageni. Tangu mwaka 2014 kila mmoja anaandika maneno yake bila ya kuona ya mwenziwe, na yote mawili hufunuliwa pamoja, au muda uliowekwa ukiisha. Hivyo hakuna wa kungoja ili alipe kisasi. Twaiona njia hii ina akili, na si ghali: hata chama kidogo chaweza kuifanya kwa karatasi na bahasha.

Pili, mtu mbaya huweza kuliacha jina lake lililochafuka akaanza na jipya. Kwa sababu hii watu hushuku kila jina jipya, na mgeni mwaminifu huumia pamoja na mwongo. Tatu, kuna wanaonunua sifa za uongo, wakawalipa watu wawasifu. Nne, kuna mwuzaji anayemweka rafiki yake apandishe bei kwa uongo, asiwe na nia ya kununua. Na wanunuzi nao huweza kula njama wasipandishiane. Mambo haya hayazuiwi na sifa peke yake. Yanataka sheria na msimamizi.

MNADA WA MTANDAO HUKU KWETU

Tanzania Bara ilipitisha sheria ya stakabadhi za ghala mwaka 2005, na korosho ya kusini ikaingia katika utaratibu huo kuanzia msimu wa 2007/2008. Mwaka 2015 ikapitishwa sheria ya masoko ya bidhaa, na Soko la Bidhaa Tanzania, linalojulikana kwa herufi TMX, likaanza baadaye kuendesha minada ya mazao kwa mtandao. Katika msimu wa 2024/2025 korosho nayo ikaanza kuuzwa kwa njia hiyo.

Utaratibu wenyewe, kwa ufupi, ni huu. Mkulima hupeleka mazao katika chama chake cha msingi. Yanapimwa uzito na kutazamwa ubora, yanawekwa katika ghala lenye leseni, na stakabadhi inatolewa. Mzigo hutangazwa, na wanunuzi, popote walipo, huingiza bei zao. Bei zikifunguliwa, wakulima huzisikia na huamua kukubali au kukataa. Wakikubali, mnunuzi hupewa muda wa kulipa, na mzigo hautoki ghalani mpaka fedha ilipwe. Fedha hupita benki kumfikia mkulima.

Uzuri wake ni dhahiri. Mnunuzi hawezi kumvizia mkulima mmoja mwenye shida ya karo ya skuli akamnunulia mazao kwa bei ya kutupa, kwa gunia la lumbesa lililoshindiliwa. Bei hujulikana na wote. Lakini je, sifa za mnunuzi zinajulikana? Hebu tutoe mfano wa kutunga, ili jambo lieleweke.

Mkulima wa Choma ana kilo 400 za choroko ghalani. Mnunuzi wa kwanza ametoa shilingi 1,180 kwa kilo, wa pili ametoa shilingi 1,250. Kwa hesabu, wa kwanza atampa shilingi 472,000, na wa pili shilingi 500,000. Tofauti ni shilingi 28,000. Kila mtu atasema wa pili ashinde. Lakini tuseme yule wa kwanza hulipa kwa siku tatu, na wa pili ana desturi ya kushinda mnada kisha akasuasua wiki nyingi, akitazama kama bei ya ng'ambo itashuka, na ikishuka anajitoa. Choroko hazikuibiwa, zipo ghalani. Lakini siku zimepita, bei imeshuka, mkulima amekwisha kopa kwa jirani, na mnada unaanza upya. Bei kubwa ya mtu asiyelipa ni maneno matupu.

Basi mkulima huyo alihitaji kujua mambo mawili kabla ya kukubali: bei, na mwenendo wa mtoa bei. La kwanza mnada unampa. La pili lafaa liwekwe mbele yake vile vile, katika ubao wa chama, kwa maneno mepesi: mnunuzi huyu ameshinda minada mingapi, amelipa kwa siku ngapi, amejitoa mara ngapi.

Na mnunuzi naye ana haki ya kujua. Mwanzoni mwa mwaka 2018 zilienea habari kwamba wanunuzi wa Vietnam walikuta kokoto ndani ya magunia ya korosho iliyotoka Tanzania. Waliotia kokoto walikuwa wachache, lakini aibu iligawanywa kwa wote, kwa sababu katika ghala magunia ya watu wengi hukaa pamoja na jina lao ni moja. Samaki mmoja akioza, wote wameoza. Kwa hivyo gunia lazima liwe na alama ya chama kilichotoka, ili mbaya ajulikane na wema wasalimike.

Mwishoni mwa mwaka huo huo wa 2018 wakulima wa korosho walikataa bei za mnada, wakaona ni ndogo. Novemba 2018 Serikali ikatangaza kununua korosho yenyewe kwa shilingi 3,300 kwa kilo. Kisha Januari 2019 ukatiwa sahihi mkataba wa tani 100,000 na kampuni moja ya Kenya, na mkataba huo haukutimizwa. Hapa tunaona kwamba hata wakubwa, wenye wanasheria na maofisa, huhitaji kuuliza swali lile lile la mvuvi na dalali: huyu mtu, jana alimlipa nani?

KARAFUU YETU

Karafuu yetu haiuzwi kwa mnada. Huuzwa kwa Shirika la Taifa la Biashara la Zanzibar, ZSTC, lililoanzishwa mwaka 1968, kwa bei inayotangazwa na kwa madaraja. Lakini mambo ya sifa na haki yanatuhusu vile vile, na historia yetu ni shahidi.

Mwaka 1934 kilianzishwa kwa sheria Chama cha Wakulima wa Karafuu, na mwaka huo huo sheria ya kuzuia kuchanganya mazao na uchafu ikatiliwa mkazo, maana karafuu yenye makonyo mengi au unyevu iliharibu jina la Unguja na Pemba ng'ambo. Mwaka 1937 chama hicho kilipopewa haki ya peke yake katika ununuzi, wafanya biashara wa Kihindi waliona wamedhulumiwa. Wakagoma, na huko India karafuu ya Zanzibar ikasusiwa, mpaka walipopatana mwaka 1938. Hiyo pia ilikuwa namna ya kusema. Asiyesikilizwa kwa maneno husema kwa kuondoka.

Mkulima wa karafuu naye asiporidhika huondoka kwa njia yake, na njia hiyo kila mtu anaijua: dau la usiku. Magendo ni kosa, na chama chetu hakiyatetei, kwa kuwa huipunguzia nchi fedha ya skuli na hospitali. Lakini twasema wazi kwamba mahali penye mlango mzuri wa malalamiko, watu hupungukiwa na hamu ya kutafuta mlango wa nyuma.

Malalamiko tunayoyasikia zaidi ni ya daraja. Mwanachama ameanika karafuu yake siku nne juu ya jamvi, ameichambua makonyo, ameipeleka kituoni akiwa na hakika ni ya kwanza, akaambiwa ni ya pili. Pengine karani ana haki: karafuu haijakauka vizuri ndani, au imepata mvua ikaumuka. Pengine hana haki. Linalomwuma mkulima si kushushwa peke yake. Ni kushushwa bila kuelezwa. Na kwa upande wa pili, kuna wachache miongoni mwetu wanaoweka nzuri juu ya gunia na mbaya chini, au wanaoinyunyizia maji. Hao huwafanya makarani wamshuku kila mtu. Tumeona Choma jinsi shaka ya pande mbili inavyomaliza zao zima.

MASHAURI YETU

Kwa haya yote twawashauri wanachama kama ifuatavyo:

1. Weka daftari. Andika siku uliyouza, uzito, daraja, bei, jina la kituo, na siku uliyolipwa. Mali bila daftari hupotea bila habari. Lalamiko lenye tarehe husikilizwa. Lisilo na tarehe huitwa maneno.

2. Tazama mizani kabla ya gunia lako kupandishwa. Sindano au namba isimame kwenye sifuri. Kuuliza si ukorofi, ni haki yako.

3. Ukishushwa daraja, omba kwa adabu uelezwe sababu, na uonyeshwe karafuu yenyewe mkononi. Ukielezwa kweli, ikubali, na uitumie msimu ujao.

4. Usichanganye. Gunia lako lina jina la kisiwa kizima.

5. Unaponunua au kuuza kwa simu, soma sifa mbaya kwanza, kisha nzuri. Zitazame za karibuni zaidi kuliko za zamani. Mtu aliyesifiwa na watu wote kwa maneno yale yale katika wiki moja, mwogope. Usitume fedha kwa mtu anayekuharakisha.

6. Ukitendewa wema, useme. Wengi wetu tuna ulimi wa malalamiko tu, na mwaminifu hapati shahidi. Karani anayepima kwa haki na mnunuzi anayelipa upesi wanastahili kutajwa.

7. Ukitendewa ubaya, sema lililotokea tu, usiongeze. Kumharibia mtu jina kwa uongo ni kumwibia, na pengine wizi huo huzidi wa mizani.

Na upande wa chama, twapendekeza jambo moja lizungumzwe katika mikutano ya matawi. Kila baada ya msimu, kila mwanachama apewe karatasi aandike bila jina jinsi alivyohudumiwa kituoni: mizani, daraja, maelezo, na malipo. Na makarani nao wapewe karatasi waandike jinsi karafuu za tawi hilo zilivyoletwa: ukavu, makonyo, unyofu. Karatasi zote zifungwe, zifunguliwe siku moja mbele ya wote, pasiwe na wa kumngoja mwenziwe ili alipe kisasi. Asiyejua kuandika asaidiwe na mtu anayemwamini, maana tumekwisha sema: asiyepewa nafasi ya kusema, haki yake hupotea. Wachumaji nao, ambao hulipwa kwa pishi, wasisahauliwe. Wao ni wauzaji wa kazi zao, na sisi ndio wanunuzi. Kama twataka tupimwe kwa haki kituoni, tuanze na pishi yetu wenyewe shambani.

Wanachama watakaotaka jambo hili lifanywe katika tawi lao wamwarifu katibu wa tawi kabla ya uchumaji kuanza, ili karatasi zitayarishwe mapema.